Kawa, koja na kikuba: nyumba ya sikukuu iliyopambwa kwa mikono

Ukili una subira, ua halina. Kawa, mkeka na msala, vinavyoshonwa kwa ukili, yaani mkanda wa majani yaliyosukwa, vinaweza kuanza kusukwa tangu Rajabu vikaingoja Iddi. Asumini iliyochumwa leo alasiri inafunguka usiku huu huu, na kesho jioni imekwisha. Nyumba zinazoona mapambo ya mkono ni mzigo aghalabu zimezichanganya kazi hizi mbili. Ukili unakimbizwa kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambapo jiko ndilo lenye haki ya mikono yote, na maua yanachumwa mapema mno kwa kuogopa kuyakosa. Ukizitenganisha, kila kazi inakaa mahali pake, na hata mtu mwenye saumu na watoto anaimudu.

Tunaandika kwa ajili ya wanaotaka sinia la asubuhi ya Iddi lifunikwe kawa badala ya mfuniko wa plastiki, na mgeni wa kike akiingia apewe kikuba, kishada cha maua ya kunukia cha kubandika nguoni. Mtu aliyekulia Wete au Makunduchi, hata kama sasa anaishi Muscat au London, akinusa asumini iliyochanganywa na mrehani nyumba nzima ya utotoni inamrudia: bibi barazani, kasha la nguo likifunguliwa, watoto wakihimizana kwenda viwanja vya sikukuu, Tibirinzi au Mnazi Mmoja. Ua la plastiki halina uwezo huo. Linashika vumbi tu, na bila ya harufu kumbukumbu nyingi za sikukuu hazina pa kushika.

Kwanza tazama kalenda. Mwaka wa Hijria unatangulia wa kawaida kwa siku 10 au 11, kwa hiyo kazi ya ukili haina msimu mmoja wa kudumu. Ramadhani za 2026 na 2027 zinaangukia Februari na Machi, kaskazi ikiwa bado na joto lake: ukindu unakauka upesi na misumini inachanua kwa wingi. Sikukuu ya Mfunguo Tatu, yaani Iddi ya kuchinja, ndiyo yenye mtihani, maana katika miaka hiyo inaangukia Mei, masika yakiwa hayajaondoka. Ukindu unaoanikwa masika hushika ukungu kabla haujakauka, na doa la ukungu halitoki tena. Basi anika wa sikukuu zote mbili kwa pamoja, Januari na mwanzo wa Februari, uufunge mafungu na kuutundika juu ndani ya nyumba penye hewa. Usiutundike jikoni kwenye kuni. Moshi unautia umanjano.

Ukindu

Kwa kawa na mkeka mzuri tunatumia ukindu, majani machanga ya mkindu. Miyaa ni migumu zaidi na tunaiachia majamvi na vikapu. Kata kuti lililosimama katikati, ambalo bado halijafunguka, na uchukue moja tu kwa kila shina, kisha uliache shina litoe jengine. Anayekata makuti mawili matatu ya katikati kwa mara moja anakijeruhi kilele, na shina la mkindu halina kilele cha pili. Shina lile litakufa, hata kama machipukizi ya pembeni yatabaki. Walio karibu na Ngezi, kaskazini ya Pemba, wakumbuke kuwa ule ni msitu wa hifadhi. Usiingie na kisu bila ruhusa. Wenye mikindu yao mabondeni wanauza, na bei yao ni halali.

Tenga jani moja moja, ondoa uti wa kati, uanike juani siku 3 hadi 5. Umande wa asubuhi unausaidia kuwa mweupe, mvua inauharibu. Umekauka sawasawa unapokuwa hauna kijani hata kwenye shina la jani na ukiukunja kwa vidole unalia lakini haukatiki. Ukikatika umepitiliza; unaweza kuokolewa kwa kuunyunyizia maji na kuuviringisha ndani ya kanga iliyolowa usiku kucha, ingawa hautarudi kuwa laini kabisa na tungeutumia kwa kitu kikubwa kama mkeka, si kwa kilele cha kawa.

Halafu unachana. Mikono mizoefu huchana kwa ukucha na chane zote zikatoka sawa. Anayeanza achukue kijiti, achomeke sindano mbili zilizoachana milimita 4, kisha alivute jani katikati yake. Usawa wa chane ni jambo la kulizingatia kuliko uzuri wa rangi: chane moja nene ndani ya ukili inausukuma upande, na baada ya pima moja ukili mzima unapinda.

Rangi

Unga wa rangi ya ukili unaouzwa madukani Darajani na Chake unatosha kwa kazi hii. Kijiko cha chai 1 kwa lita 2 za maji kinatia rangi fungu la chane lenye unene wa kifundo cha mkono. Chemsha maji kwanza, koroga unga mpaka isibaki punje, tia kijiko kimoja cha kulia cha chumvi, kisha zamisha ukindu ambao umeshalowekwa katika maji matupu. Acha uchemke kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 huku ukigeuzwa, uepue, uuache upoe humo humo. Suuza mpaka maji yatoke bila rangi, na uanike kivulini. Jua kali linapausha rangi mbichi na kuufanya ukindu uwe mkavu wa kuvunjika. Sufuria lililotumika lisirudi kupikiwa chakula, na watoto wakae mbali unga unapofunguliwa kwa sababu ni mwepesi na unapaa.

Mabaka yakitokea, jua fungu lilifungwa kwa kukazwa. Lifunge kwa kulegeza, sehemu moja tu, juu karibu na ncha, ili maji yapite kati ya chane. Rangi inayotoka na kuchafua mikono baada ya kukauka haikusuuzwa vya kutosha, na hiyo usiitumie kwa kawa hata kidogo, kwa sababu mvuke wa chakula utaiyeyusha. Kwa kweli hata rangi iliyosuuzwa vizuri hatuiweki upande wa chakula. Kawa nzuri ina tabaka mbili: ya nje yenye rangi, ya ndani nyeupe tupu.

Wanaopenda rangi za zamani wanaweza kuchemsha manjano kupata rangi ya njano, inayopendeza siku ya kwanza lakini jua likiila mara moja imefifia. Mbegu za mzingefuri hutoa wekundu wa machungwa, na weusi wa kale ulitoka kwenye mizizi ya mdaa. Kwa maoni yetu nyeupe, nyeusi na rangi moja tu nyengine zinatosha kawa moja. Kawa yenye rangi sita inachosha macho, na chakula chini yake hakionekani kitu.

Kusuka na kushona

Chane 11 za milimita 4 zinatoa ukili wa karibu sentimita 3. Wengi huzidisha 11 kwa 4 wakatarajia zaidi ya sentimita 4, halafu wakadhani wamekosea. Chane zinapita mshazari, na upana unapungua kwa karibu theluthi moja. Pita juu ya mbili, chini ya mbili, na chane inapofika ukingoni ikunje irudi ndani. Ukitia chane moja ya rangi, itakwenda kutoka ukingo hadi ukingo ikirudi na kurudi urefu wote wa ukili. Ukitia mbili zinazoanza pande zinazokabiliana, zitakatana katikati na kuacha visanduku vilivyosimama kwa pembe. Ndiyo siri yote ya nakshi za ukili: hesabu ya chane za rangi na mahali zilipoanzia. Kabla ya kuanza, panga chane zako mezani, uandike mpangilio kwenye karatasi, maana ukikatizwa na kazi ya nyumbani ukarudi baada ya wiki hutakumbuka.

Chane ikikaribia kwisha, ingiza mpya chini yake ikiwa bado imebaki na urefu wa vidole viwili, zisukwe pamoja kwa hatua chache. Usiingize mbili mahali pamoja. Hapo patavimba na patakuwa pa kwanza kukatika. Ukindu uwe na unyevu kidogo tu, wa kanga iliyolowa na kukamuliwa. Anayesuka ukindu uliojaa maji anaona kazi inakwenda vizuri sana, kisha ukili ukikauka chane zinasinyaa na mwanga unapita katikati.

Sasa vipimo vya kawa yenyewe. Kwa sinia la upana wa sentimita 50, kawa iwe na mdomo wa sentimita 56 na kimo cha sentimita 25. Ukili wa sentimita 3, ukitoa nusu sentimita inayolaliana kwenye mshono, unahitaji mita 13 na kidogo kwa tabaka moja, sawa na pima 7 na robo. Suka pima 8. Kwa tabaka mbili suka 15, kwa kuwa ya ndani ni ndogo kidogo. Hii ndiyo hesabu inayowakatisha watu njiani: wanasuka pima 5, wanafurahi, wanaanza kushona, na kawa inakwisha ikiwa bado na mdomo wa bakuli.

Shona kwa shazia nyembamba na uzi mnene wa pamba uliopakwa nta, mshono mmoja kwa kila sentimita. Uzi wa nailoni hauozi lakini unakata ukindu taratibu kila kawa inaposhikwa. Anza na kilele: pitisha uzi kwenye ukingo mmoja wa ukili kwa urefu wa shibiri moja, uvute mpaka ujikunje duara, ukaze fundo, kisha endelea kuzungusha. Hapo hapo shona na kitanzi cha kushikia, kipite tabaka zote, kwa sababu kitabeba uzito wa kawa nzima kwa miaka.

Umbo linatoka kwenye mkono wako. Ukiuvuta ukili mpya kwa nguvu unaposhona, raundi inakuwa fupi na kawa inasimama wima. Ukiulegeza, raundi inakuwa ndefu na kawa inatanuka. Kila baada ya raundi tatu iweke juu ya meza uitazame kwa ubavuni. Kawa iliyotoka na kiuno, yaani imebana katikati kisha ikatanuka ghafla, ilishonwa siku mbili na mkono wenye nguvu tofauti. Haina dawa ila kufumua mpaka pale ilipobana. Mwisho wa mdomo, shona ndani chelewa (njiti za kuti la mnazi) sita zilizofungwa pamoja ili mdomo usilegee, kisha uzungushie kitambaa. Usitie waya, unashika kutu kwa mvuke na kutia doa sinia.

Kuna sababu ya kuihangaikia. Mkate wa kumimina, sambusa na visheti vikifunikwa plastiki vikiwa na moto vinatoa jasho, na jasho linarudi juu ya chakula kwa matone. Kawa inaupitisha mvuke na kumzuia nzi. Sahani ya kupeleka kwa jirani inafika kama ilivyotoka jikoni.

Kuisoma kawa ya zamani

Katika nyumba nyingi iko kawa moja juu ya kabati ambayo kila mtu anasema ni ya bibi mzaa mama. Ishushe, uigeuze, uitazame ndani. Hesabu chane za ukili wake. Tazama mzunguko unaelekea upande gani kutoka kileleni: mshonaji wa mkono wa kulia na wa kushoto huzungusha pande mbili tofauti, kwa hiyo kawa mbili za nyumba moja zikipishana mzunguko, huenda zimeshonwa na watu wawili. Tazama mishono imekaribiana kiasi gani, na ncha ya mwisho ya ukili imefichwaje. Mara nyengine utakuta raundi mbili tatu ambazo weupe wake si wa kawa nzima, na mishono yake mikubwa. Hapo palitoboka, na mtu mwengine, pengine binti, akapatengeneza.

Mambo haya waulize wazee wakiwa wameishika. Ukiwauliza hivi hivi watakwambia kawa ni kawa. Wakiipitisha mikononi watakuonesha nani alikuwa akikaza, nani akilegeza, na rangi ile ya zambarau ilinunuliwa mwaka wa harusi ya nani. Yaandike siku hiyo hiyo. Na kawa mpya unayoishona iwekee alama mwenyewe: kipande cha kanga cha vidole vitatu, kishonwe ndani karibu na mdomo, kiandikwe kwa kalamu ya nguo jina la aliyesuka, jina la aliyeshona na mwaka wa Hijria. Kawa ya Iddi ya Machi 2026 ni ya 1447.

Kawa ya zamani iliyotoboka isitupwe. Kata nyuzi, si ukili, kwenye raundi zilizoharibika. Toa kipande kibovu, suka ukili wenye hesabu ile ile ya chane, uloweshe kidogo pamoja na kingo za zamani ambazo zimekuwa kavu, kisha ushone. Kipande kipya kilaliane na cha zamani kwa vidole vinne kila upande, kwani ukindu mkongwe hauna nguvu ya kushika mshono mmoja. Kipya kitaonekana cheupe zaidi. Kiacheni hivyo. Kukichovya chai au kahawa ili kifanane na cha zamani kunakilainisha na kukitia harufu, tena kunafuta alama ya mkono wako ambayo wajukuu watakuja kuisoma.

Usiku wa mwezi 29

Maua yana shida yao peke yao: hujui kesho ni Iddi au ni Ramadhani 30. Mfunguo Tatu ni rahisi, siku yake inajulikana siku kumi kabla. Mfunguo Mosi unasubiri mwezi uandame, na habari inaweza kufika watu wameshaswali Isha. Anayesubiri tangazo ndipo achume atakuta asumini zimeshafunguka kwenye mti, na asumini iliyofunguka haitungiki. Petali zinadondoka ukiigusa.

Njia ni kuchuma mwezi 29 kama vile kesho ni Iddi, lakini kuchuma yaliyopevuka peke yake. Chuma kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Ua la usiku huu ni jeupe lote, limevimba, ncha yake imefumba. Ua la kesho bado lina kijani shingoni na ni jembamba. Ukiacha yale ya kesho, mwezi usipoonekana mti utakupa mavuno mengine jioni ya pili, na ya usiku wa kwanza yatakwenda chumbani au kwa wanaokwenda tarawehe. Watoto wanaifanya kazi hii vizuri wakishaoneshwa ua moja la kila aina, na mti mfupi wa asumini unalingana na kimo chao. Chuma na kikonyo chake cha kijani. Usitie kwenye mfuko wa plastiki hata kwa nusu saa; maua yanatoa joto na unyevu, yanageuka rangi ya kahawia kuanzia katikati ya rundo. Kijikapu, au jani la mgomba lililokunjwa, ndilo mahali pake.

Kwa koja, yaani mkufu wa maua yaliyotungwa uzini, la dhiraa moja na nusu utahitaji maua 150 hadi 200. Uzi uwe wa pamba, uloweshwe kwanza. Nailoni inakata shingo ya ua. Sindano iwe ndefu na nyembamba. Lishike ua kwa kikonyo, si kwa petali, na upitishe sindano kwenye shingo, chini kidogo ya petali na juu ya kikonyo. La kwanza lielekee kulia, la pili kushoto, la tatu juu, la nne chini, kisha urudie. Yakijaa sindano, yashushe yote kwa pamoja taratibu kuelekea fundo. Yasogezwe mpaka yagusane bila kubanwa, kwa sababu yatafunguka na kila moja litadai nafasi yake. Koja lililobanwa linapendeza saa moja tu, kisha maua yanasukumana na shingo zinakatika. Mikono iwe mikavu na isiwe na chumvi wala ndimu, jambo gumu kidogo kwa mtu anayetoka kuandaa futari. Osha kwa sabuni, kausha, ndipo ushike uzi.

Koja likimaliza kutungwa lifungwe kwenye jani la mgomba lenye kitambaa kibichi nje yake, liwekwe chini karibu na mtungi au penye ubaridi kama huo. Friji inafaa ikiwa ni sehemu ya chini ya mboga. Likigusa penye barafu, petali zinakuwa nyevu na kuonesha upande wa pili, na harufu inakufa.

Kikuba

Kikuba kimoja kinahitaji vitawi viwili vya mrehani vya urefu wa kidole, petali tatu au nne za waridi, ukanda mmoja wa mkadi, langilangi moja na asumini sita. Mwenye mkilua aweke kilua mahali pa langilangi. Pemba wengi wanakiona bora, na hatubishani nao. Kila kimoja kina wakati wake. Langilangi ichumwe alfajiri ikiwa imekuwa ya njano, kwani ya kijani haina harufu ya maana. Mrehani uchumwe mwisho kabisa, kwa mkono, na usiingie kwenye friji kwani baridi inaufanya mweusi. Mkadi ndio wenye subira kuliko yote: kata miiba ya kingoni kwa mkasi, uuchane kanda za upana wa nusu kidole, nao utakaa siku kadhaa bila kupoteza kitu.

Panga mrehani nyuma, mkadi juu yake, halafu langilangi, waridi kuizunguka, na asumini mbele. Shika miguu yote kwa vidole viwili, zungusha uzi mara sita au saba, funga, kata miguu ikae sawa. Pini iwe isiyoshika kutu, ipite kwenye kifundo cha uzi, si kwenye maua. Usinyunyizie marashi ya mrashi juu ya kikuba. Watu wanafanya hivyo kwa kupenda kuzidisha harufu, na tone la maji likikaa juu ya asumini linaacha doa la kahawia pale pale. Mrashi ni wa mikono ya mgeni.

Panga vikuba kwenye sahani bapa, kimoja kimoja, visilaliane, vifunikwe jani la mgomba mpaka wageni waanze kuingia. Na nyumba ifukizwe udi kabla ya maua kutolewa. Joto na moshi wa kitezo vinanyausha maua kwa dakika chache. Makaa yawe yameshika yote na yamevaa jivu jeupe ndipo utie udi; kaa lenye weusi linatoa moshi wake mwenyewe na kuufunika udi.

Kwa mlango wa nje kuti bichi la mnazi linatosha. Chagua lililokomaa ambalo halijaliwa na wadudu, lipasue uti wake kwa panga kuanzia upande mnene, usimamishe nusu moja kila upande wa mlango na ncha zifungwe pamoja juu. Lipasuliwe asubuhi ya Iddi au usiku wake. Siku ya tatu litakuwa limeanza kubadilika rangi na halina budi kuondolewa.

Baada ya sikukuu

Ukanda wa mkadi uliobaki kwenye vikuba usitupwe pamoja na maua mengine. Utoe, uukaushe kivulini, uuweke kati ya nguo kwenye kasha. Asumini iliyonyauka haifai kuwekwa na nguo, inatia doa.

Kawa isioshwe kwa kuzamishwa kwenye maji. Ipanguse ndani na nje kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, iache ikiwa imepinduliwa kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa, na itundikwe kwa kitanzi chake mbali na ukuta. Wengi huweka karafuu kavu chache kwenye kifuko cha kitambaa karibu yake kwa ajili ya wadudu. Usiiwekee kitu juu. Ikiwa kilele kimebonyea au ubavu umeingia ndani, izungushie kanga iliyolowa kwa saa moja, ivishe juu ya sufuria lililopinduliwa linalolingana nayo, unyooshe kwa viganja kutoka kileleni kushuka mdomoni, na uiache hapo usiku mzima na mchana wake. Fanya hivyo kabla masika hayajaingia, kwa kuwa katika unyevu wa Aprili kawa iliyoloweshwa haikauki, na itakaa na ukungu mpaka Mfunguo Tatu.